Taja mahali kwanza: mhadhara kwa wakazi na waendesha bodaboda wa Manispaa ya Tabora

Mwangaluka, wazee wangu. Mwangaluka, mama zangu. Na nyie vijana wa bodaboda mliojibanza kule mlangoni, sogeeni mbele, maana leo nimekuja hasa kwa ajili yenu.

Namba mnazijua. 112 polisi, 114 zimamoto, 115 mama mjamzito na mtoto mchanga. Ni bure, hata huna salio unapiga. Basi, namba zimeisha. Kila ninapoitwa kuzungumza, watu wanataka saa nzima iende kwenye namba, wakati kinachotuumiza ni maneno ya kwanza baada ya simu kupokelewa.

Simu zenyewe huwa hivi. Mtu anapiga, anahema, nyuma yake watoto wanalia. "Zimamoto! Njooni haraka, nyumba inaungua!" Uko wapi? "Hapa nyumbani! Mbona mnachelewa?" Nyumbani wapi, ndugu yangu? "Ng'ambo!" Ng'ambo mtaa gani? "Nyie njooni tu, mkipita msikiti mtaona mwembe mkubwa, mkate kushoto, mumuulizie Mama Saidi." Halafu kimya. Chaji imekwisha.

Mwembe, jamani! Tabora hii hii! Mji uliojaa miembe tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, unamwambia dereva atafute mwembe mkubwa, tena usiku. Na akina Mama Saidi wako wangapi Ng'ambo? Gari limefika katani, linazunguka, linauliza vijiweni, kila kijiwe kinanyoosha kidole upande wake. Wewe huku umeshika ndoo unalaani kwamba zimamoto hawajali.

Kwa hiyo simu ikipokelewa tu, taja mahali. Jina lako baadaye, moto ulianzaje baadaye, kulia baadaye. Kata, mtaa, barabara, namba ya nyumba. Kwa nini nang'ang'ania hili kila siku? Kwa sababu simu inaweza kukatika sekunde yoyote. Ikikatika umeshasema "Zimamoto, Kata ya Isevya, mtaa fulani, nyumba namba fulani", gari linatoka. Ikikatika ukiwa bado unasimulia jiko lilivyolipuka, hakuna wa kutumwa popote.

Nyoosheni mikono mnaozijua namba za nyumba zenu. Za nyumba, si za simu. Haya, geukeni mtazamane. Mikono ndiyo hiyo mnayoiona, na ukumbi umejaa.

Mwaka 2022 kulikuwa na operesheni ya anwani za makazi, nchi nzima. Barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Vibao tukabandikiwa. Leo wengine mmevipaka rangi pamoja na ukuta, mwingine kabadilisha mlango kibao kikaenda na mlango wa zamani, mwingine anadhani ni mambo ya kodi. Kile kibao ndicho kitakachomleta mtu wa kukuokoa! Ukirudi nyumbani leo, chukua karatasi, andika kata, mtaa, barabara na namba, ubandike ndani, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, kwa herufi kubwa. Mara nyingi anayebaki nyumbani ni mtoto au dada wa kazi, naye hata jina la mtaa hajaambiwa.

Najua kuna anayesema moyoni, "Kwetu vibao havijafika." Sawa. Taja shule, zahanati au sheli, lakini kwa jina lake, kisha useme uko upande gani wake. Uko safarini? Taja barabara, unatoka wapi unaelekea wapi, na kijiji cha mwisho mlichopita. "Niko njia ya Sikonge" haitoshi, ile njia ni ndefu.

Mwingine atasema, "Hata tukieleza vizuri, magari yanachelewa." Sikuja hapa kutetea ucheleweshaji, nao unaniuma kama unavyokuuma. Lakini zile dakika za gari kuulizia njia ziko mikononi mwetu, na hapo ndipo ninapowataka nyie vijana. Mmoja anapiga simu. Mwingine anawasha pikipiki, anawasha taa, anakwenda kusimama pale njia ya mtaa inapoingilia barabara kubwa. Gari likitokea, analitangulia mpaka mlangoni. Wengine ondoeni pikipiki na mikokoteni njiani. Lile gari lina maji tumboni, halipiti pale bajaji inapopita.

Muda unanikimbia, mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Baada ya mahali, sema kinachoungua, kama kuna watu ndani, kama kuna mtungi wa gesi. Usikate simu mpaka aliyepokea akuambie ukate. Usizibipu hizi namba, wala usimpe mtoto azichezee. Kwa 115, eleza mimba ina miezi mingapi, kama damu inatoka, kama mama anapata degedege. Wakimtuma dereva wa jamii kwa gari la kawaida, mpandisheni mama. Wapo wanaokataa wakisubiri gari lenye king'ora huku damu inamwagika!

Ajalini, msimvute majeruhi mkono huku na mguu huku mkamkunja kwenye bajaji. Kama hakuna moto wala hatari nyingine hapo alipo, mwacheni alale, mgandamizeni panapovuja damu kwa kitambaa safi, na simu iwe imeshapigwa. Habari ya nyoka nilitaka kuieleza kwa kirefu, leo haiwezekani.

Bodaboda msiondoke. Tufanye zoezi, wawili wawili, mmoja awe mpigaji, mwenzake awe mpokeaji wa simu, na nisisikie mwembe wowote.