Riwaya za Kuazima: Maoni ya Msomaji Asiye Mwalimu

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wapenzi wa vitabu)

Asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi walimu mliojipanga mstari wa mbele, shikamooni pia, maana leo mnanitisha.

Walioniita walisema wahakiki wamesikilizwa vya kutosha, sasa wanataka kumsikia msomaji. Basi ndiye mimi. Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini hapa hapa Tanga mpaka nikastaafu. Fasihi sikuisomea. Nasoma riwaya kwa kuwa napenda hadithi, na naziazima kwa kuwa pensheni na duka la vitabu havipatani. Mji wetu wanauita waja leo waondoka leo, na kitabu cha maktaba nacho ni hivyo hivyo: kimegongwa muhuri wa tarehe ya kurudi. Cha kununua utakiweka kabatini miaka na miaka ukijidanganya kwamba utakisoma. Cha kuazima kikikushinda kinarudi hivyo hivyo, na dada wa maktaba anakiona kikaratasi chako kimekwama ukurasa wa thelathini.

Nianze na la hatari, nikipigwa nipigwe mapema. Shaaban Robert. Kazaliwa Vibambani, Machui, hapo jirani, mwaka 1909, na amezikwa huko huko tangu 1962. Dar es Salaam kuna mtaa wenye jina lake na shule yenye jina lake. Sisi ndio wenye mtu, na tunajivuna naye, haki yetu. Lakini mwulize huyo anayejivuna: mara ya mwisho umemsoma lini? Atakwambia, "Shuleni." Yaani miaka arobaini anamsifu mtu ambaye hajazungumza naye. Mimi naona huko ni kumtupa kwa adabu. Nikamwazima, nikamsoma kama ninavyomsoma mwandishi yeyote, na nimetoka na maoni mawili yanayogombana.

La kwanza: Kusadikika, ya 1951, bado ina makali. Nchi inaelea angani. Karama anashtakiwa na waziri, Majivuno, kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anarudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja anaishia gerezani. Walimu watasema ni ukoloni huo, na ni kweli. Lakini tazama ujanja wa mwandishi. Kufika mjumbe wa tatu unajua yatakayompata. Kwingine ningechoka. Hapa hasira inazidi kupanda, kwa sababu tumo mahakamani, na Karama analundika ushahidi mmoja juu ya mwingine mbele ya watu wale wale waliowafunga wajumbe. Mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini akaona pendekezo zuri linaingia kwenye faili na faili linaingia kwenye droo, hahitaji kufafanuliwa habari za wajumbe wale.

La pili: Utubora Mkulima, iliyotoka 1968 mwenyewe keshafariki. Huyu bwana anaacha kazi ya mjini, anakwenda shamba kulima. Jina lake limekwisha kukwambia yote kabla hajafungua mdomo. Wema wake haunikeri. Kinachonikeri ni kwamba hachoki nao. Sikumbuki ukurasa hata mmoja alioamka asubuhi akalichukia jembe. Mimi nina shamba la minazi, tena dogo. Jembe nalichukia kila wiki. Mwalimu ananitazama vibaya, ngoja nimalize.

Sasa twende Unguja, kwa Adam Shafi. Kuli ilitoka 1979. Majaliwa ni kuli wa bandarini, anafia kazini, na mwanawe Rashidi naye anakuja kuwa kuli, mpaka tunafika kwenye mgomo mkubwa wa 1948, ambao ni wa kweli katika historia ya Zanzibar. Kitabu hiki nimekiazima zaidi ya mara moja, na sababu yake ni kazi niliyoifanya. Wenzangu wa bandarini mnajua: kabla kina hakijachimbwa na gati kuboreshwa miaka hii ya karibuni, meli kubwa ilikuwa inatia nanga huko nje, mzigo unakwenda na kurudi kwa tishari, yaani chombo bapa cha kubebea shehena. Robota moja la katani ni kilo 250. Halibebwi na mtu. Linafungwa kamba, winchi inalinyanyua, na chini yake kuna watu kwenye tishari linalochezacheza. Kamba ikikaza, mazungumzo yanakatika. Aliyekuwa anatukana ananyamaza, aliyekuwa anacheka ananyamaza, wote macho juu, mpaka robota litue. Kisha tusi linaendelea pale lilipoishia. Nilimsoma Majaliwa huku nikiuona ukimya ule, nikasema huyu mwandishi bandari kaiona.

Ila nusu ya pili sikubaliani nayo. Faraji anapoanza kuwaelimisha wenzake, watu wanazungumza kama wako jukwaani. Wanaogoma niliowajua mimi walikuwa wakibishana nani atanunua unga kesho, nani ana mke mjamzito, nani atatusaliti. Umoja ulipatikana, lakini kwa kelele. Na hapa ndipo nilipowaona Utubora na Faraji ni ndugu. Mmoja katumwa atangaze wema, mwingine katumwa atangaze umoja. Waandishi wawili wenye imani mbalimbali kabisa, kosa moja: hawakuwaruhusu watu wao wasitii.

Utasema namtaka mwandishi asiwe na msimamo. Sivyo. Mwazime Adam Shafi huyo huyo miaka ishirini baadaye, Vuta n'kuvute ya 1999. Siasa ya kumpinga mkoloni imo tele, Denge yumo na harakati zake. Lakini Yasmin! Binti mdogo kaozwa kwa Raza, mtu mzima mno kwake, akatoroka. Na tangu hapo hafuati amri ya mtu, nadhani hata ya aliyemwandika. Anakosea, anapenda, anarudi nyuma. Nakala ya maktaba yetu imeshikwa mpaka jalada limekuwa laini. Mlioitazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 mkaridhika, bado hamjakutana na Yasmin vizuri.

Jambo jingine la vitabu vya kuazima ni waliokutangulia. Wanafunzi wanaandika pembeni kwa penseli. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, ambayo zamani ilipigwa marufuku mashuleni, kuna pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Unasoma huku mkono unatetemeka. Pembeni mtoto wa watu kaandika: "UJUMBE: wazazi wawe makini." Mstari kapiga kwa rula! Simlaumu. Ndivyo alivyofundishwa, kwamba kitabu kinafunguliwa ili utolewe ujumbe, basi. Lakini mtoto aliyefika ukurasa ule akatafuta rula badala ya kulia, tumemfanya nini?

Mwingine, huyu simsamehe, kaandika jina la muuaji kwenye ukurasa wa mwanzo wa hadithi ya mpelelezi Bwana Msa. Mzee Mohamed Said Abdulla kahangaika na Mzimu wa Watu wa Kale yake, ya 1960, kamwashia Bwana Msa kiko, kampa rafiki yake Najum wa kushangaa kwa niaba yetu, halafu mtu mwenye kalamu anamaliza kazi kwa neno moja. Nikasoma hivyo hivyo. Ikanoga hivyo hivyo, bwana, kwa yale mazungumzo tu.

Nagona, ya Kezilahabi huyo huyo, ni kitabu chembamba na kimenishinda. Tusikae hapo.

Nimalizie na Peponi, ile ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto, kawekwa rehani kwa tajiri kwa deni la babake, na anaambiwa amwite ami. Gurnah hamtumi Yusuf popote kutangaza chochote. Anamwacha atazame misafara, bustani, watu wakubwa wanavyodanganyana kwa upole. Mwisho wake sitausema, nisije nikawa yule wa kalamu. Ila wamo askari wa Mjerumani, na sisi hapa ndipo walipopigana na jeshi la Mwingereza Novemba 1914. Baadhi yetu tuna mababu waliovaa sare ile. Someni ukurasa wa mwisho, kisha mniambie Yusuf alifanya sawa au la, maana mimi na mke wangu bado tunabishana.

Nakala iko maktaba, nimeirudisha juzi. Haya, kipaza sauti apewe yule mwalimu, kanyoosha mkono tangu nilipomgusa Utubora.