Ngozi Husema Kabla ya Damu

Ndugu zangu, nani hapa anaijua homa ya papasi, wale kupe wa majumbani? Naona mikono ya watu wa Dodoma, shikamooni wazee! Basi nianzie kwenu. Mgonjwa wa papasi akiwa na homa kali, tone la damu yake chini ya hadubini linatosha: kijidudu cha borelia unakiona, kimejisokota kama uzi wa cherehani.

Huku Marekani, Connecticut na Massachusetts tunakoishi, kupe wa vichakani ana borelia mwingine, yule aliyegunduliwa na Willy Burgdorfer mwaka 1981. Ndiye huleta ugonjwa wa Lyme. Huyu kwenye damu ni adimu, hadubini haimpati. Anayeanza kusema ni ngozi.

Kati ya siku 3 na 30 baada ya kupe kung'ata, aghalabu kama wiki moja, hutokea baka. Linapanuka siku hadi siku na kupita sentimita 5. Pengine lina joto kidogo, lakini kwa kawaida haliumi wala haliwashi sana. Kiwekundu kidogo kinachotokea siku ileile na kufifia ni mzio wa mate ya kupe tu, kisikutie hofu.

Sasa zile picha za kliniki, duara jekundu lenye kitone katikati kama shabaha. Mimi zinanikera. Wagonjwa wengi hawapati shabaha hiyo, baka lao ni rangi moja tu. Halafu ngozi ya pichani ni nyeupe! Tazameni mikono yenu. Kwetu baka huja na rangi ya zambarau au kahawia, likafanana na mvilio wa mtu aliyejigonga mezani. Hapo ndipo tunapopitwa. Kagua nyuma ya goti, kwapani, kinenani, tena kwa mwanga wa dirishani.

Dada mmoja kaniuliza mlangoni: mume wangu kapimwa, kaambiwa hana, mbona baka lipo? Dada, kipimo kile hakimtafuti borelia, kinatafuta kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi yake, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Baka bayana kwa mtu aliyepita penye kupe linatosha, daktari aanze dawa, mara nyingi doksisaiklini, bila kungoja damu.

Baadaye, viungo vikivimba au uso ukipooza upande mmoja, hapo damu ina kazi. Hupimwa kwa hatua mbili. Ya kwanza ni ELISA, kipimo cha maabara cha kingamwili. Jibu lake lisipokuwa hasi, hufuata kipimo cha mistari, ambamo kila mstari ni kingamwili iliyonasa protini moja ya borelia: kwa IgG, kingamwili zinazochelewa kutokea, inatakiwa mistari 5 kati ya 10, kwa IgM, zile za mwanzo, 2 kati ya 3. IgM peke yake baada ya mwezi wa kwanza isihesabiwe, hudanganya. Tangu 2019 maabara za Marekani zinaruhusiwa kuweka ELISA ya pili mahali pa mistari. Na usirudie kupima ili kujua kama umepona, kingamwili hubaki miaka.

Ukiona baka usiku na kliniki imefungwa, chora ukingo wake kwa kalamu ya wino, andika tarehe kando, piga picha. Asubuhi mpelekee daktari vyote viwili, ngozi na simu.