Usiuze Korosho Zikiwa Maua kwa Ajili ya Simu

Mhadhara kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo, Newala, kabla ya kufunguliwa kwa minada ya korosho

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu mliotoka Kitangari na Mnyambe alfajiri, poleni na safari. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa niseme ipi nafuu: laini ya kulipia kabla, hii ya vocha na vifurushi tunayoitumia karibu sote, au laini ya mkataba, unayotumia mwezi mzima halafu unaletewa bili. Kibandani kwangu, ninapouza vocha, naulizwa hivyo kila wiki, na kila wiki nami nauliza: hela yako inaingia lini? Watu hukimbilia kunitajia ni shilingi ngapi. Sijauliza ngapi. Nimeuliza lini.

Mwalimu na muuguzi hela yao inaingia mwisho wa mwezi. Wa bodaboda inaingia leo jioni. Mwenye mikorosho inaingia Oktoba, Novemba, Desemba, na mambo yakichelewa, Januari. Sasa bili ya mkataba haina msimu. Inakuja Machi uko kwenye palizi. Inakuja Juni unatafuta hela ya salfa, dawa ya mikorosho. Inakuja Agosti mkorosho umejaa maua, mzuri wa kutazama, na ndani ya nyumba hakuna shilingi. Mtu wa kampuni akikueleza kwamba kwa mwezi ni hela ndogo tu, anakueleza kweli, lakini anahesabu miezi kama mtu wa mshahara. Wewe si mtu wa mshahara.

Nitawaeleza habari ya mdogo wangu wa mwisho, anakaa Tandahimba. Wengine hapa mmeshaisikia kwangu. Isikilizeni tena, kwa sababu mwaka jana niliisimulia na mwaka huu wamekuja kwangu watu wanne na shida ile ile.

Mdogo wangu alilipwa korosho zake Desemba. Benki ilisoma zaidi ya milioni moja na nusu. Akaja Mtwara mjini, akaona simu nzuri, skrini kubwa. Bei ya taslimu ilikuwa shilingi 350,000. Hela anayo mfukoni, tuelewane hapo, anayo. Kijana wa mauzo akamwambia, mzee, kwa nini umalize hela yako kwa siku moja? Toa kianzio 60,000, ondoka na simu, halafu kila siku 1,500 tu kwa mwaka mmoja. Hilo neno "tu" liwashtueni popote mtakapolisikia. Akatia saini, akapigwa picha, akatoa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa.

Nilipoonyeshwa karatasi nilichukua kalamu. 1,500 mara siku 365 ni 547,500. Ongeza kianzio, 607,500. Simu ya 350,000. Tofauti ni 257,500, na kwa hela hiyo mtu anapata dawa ya kupulizia na kibarua wa palizi. Nikamwambia irudishe. Akasema, dada, mbona ni kama nauli ya bodaboda?

Januari alilipa. Februari, Machi, Aprili, alilipa. Mei akaanza kuruka siku. Mkulima gani wa huku ana 1,500 ya uhakika kila siku ya Mei? Simu ikajifunga. Yaani inawaka, unaona ujumbe wa kudaiwa, na picha za watoto na namba za watu zote zimo humo ndani hazifikiki. Akatoa laini akaitia kwenye kiswaswadu, kisimu cha batani, cha mkewe. Akakopa kwa jirani, akalipa, ikafunguka. Wiki mbili, ikajifunga. Juni ikawa hivyo, Julai hivyo.

Agosti akaenda kwa mtu wa kangomba, anayenunua korosho kwa bei ya chini kabla ya mavuno na kuzipima kwa bakuli.

Naona wazee mnatikisa vichwa, mnajua. Aliuza magunia mawili, kilo 160, mkorosho ukiwa na maua. Korosho zenyewe hazijazaliwa. Alipewa 900 kwa kilo, jumla 144,000, na mavuno yalipofika zikapimwa kwa bakuli lililofurika, likihesabiwa kuwa kilo moja. Mnada wa kwanza ulipofunguliwa, bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Na 144,000 ile ilinunua nini? Igawe kwa 1,500. Siku 96 za simu. Magunia mawili ya korosho, miezi mitatu ya simu ambayo alikuwa na uwezo wa kuinunua Desemba akabaki na chenji ya zaidi ya milioni.

Mimi kangomba nimeichukia tangu nikiwa binti, kwa sababu niliona ilivyomfanya baba yangu. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza mnadani, imeanza mkoani kwetu mwaka 2007, tumegombana nayo, tumeisifu, tumeilaumu, lakini angalau ilituambia korosho ipimwe kwenye mzani. Leo kangomba imerudi kwa kupitia mfukoni mwako, na wewe mwenyewe umeifungulia mlango kwa saini.

Kuna kijana pale nyuma ananong'ona kwamba huo ni mkopo wa simu, na mada ni mkataba wa laini. Ni kweli, mwanangu, hapa kwetu vimetenganishwa. Kwa wenzetu Uingereza na Marekani mara nyingi vimekuja pamoja: unasaini miezi 24, unapewa simu, dakika na intaneti, vyote kwenye bili moja, na bei ya simu imefichwa humo humo. Ikafika mahali watu Uingereza wakawa wamemaliza miaka miwili, simu wameshailipa yote, na bado wanakatwa kiasi kile kile kila mwezi kwa sababu hawakukumbuka mkataba umeisha. Tangu Februari 2020 kampuni za kule zinalazimika kumtaarifu mteja kabla mkataba haujafikia mwisho. Hao ni watu wa mshahara, tena wana benki inayolipa yenyewe. Kama wao wamesahau, sisi je? Kwa hiyo jina liwe mkopo wa simu, liwe mkataba, mimi naangalia kitu kimoja: umeahidi hela ya miezi ambayo hujaiona.

Laini ya malipo ya baada kwa hapa nchini inatumiwa zaidi na kampuni, ofisi na mashirika. Kwa kawaida utatakiwa vitambulisho, pengine dhamana, utawekewa kikomo cha matumizi, na usipolipa wanafunga. Haina ubaya wowote kwa mwenye hela ya kila mwezi. Na ina faida ambayo sitaki kuificha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Somanga, dereva mmoja wa lori alikuwa amekwama huko. Aliniambia laini yake ya kazini analipa tajiri, ya mkataba. Kila aliyekuwa na simu pale alikuwa anahangaika na salio, yeye akawa anapiga Dar es Salaam, anapiga Mtwara, anawapa na wenzake wapige. Laini ya kazi, kazi inailipa. Hapo sina neno.

Faida ya pili ni bei. Ya mkataba imeandikwa. Vifurushi, unaweza kuamka vimebadilika. Aprili 2021 mnaikumbuka: bei mpya zikatoka, nchi nzima ikapiga kelele, Serikali ikaagiza zirudi za zamani. Sisi wa vocha hatuna karatasi ya kumwonyesha mtu.

Sasa msinielewe kwamba nimekuja kuwasifia vocha. Hapa ndipo ninapokosana na vijana wangu, maana wakishasikia mkataba haufai kwa mkulima, wanadhani wao wako salama.

Mnajua LUKU. Kirefu chake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Zamani bili ya umeme ilikuja mwisho wa mwezi ikakukuta huna. LUKU ikaja, ukinunua uniti zako ni zako. Ukisafiri kwenda Liwale kwa shangazi wiki mbili, ukirudi unazikuta. Taa hazikuwashwa, uniti hazikupungua. Je, bando lako la siku liko hivyo? Umejiunga asubuhi, umetumia robo, umeingia shamba ambako mtandao haushiki, muda umekwisha, kimefutika. Hukutumia, na umelipa. Basi hiyo haiitwi kulipa kadiri utumiavyo. Umelipia muda, kama chumba cha gesti: ulale usilale, asubuhi unatoka.

Na Mei hiyo hiyo ya 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, kifurushi cha siku kilikuwa kinaendelea kuhesabu saa huku mtu anatazama skrini haifunguki. Nilikaa kibandani nikaulizwa mimi, kana kwamba bahari ni ya kwangu.

Haya, hesabu nyingine na mtaichoka leo. Mtu anayejiunga bando la 1,000 kila siku, kwa mwaka ni 365,000. Chukua bei ile ya 3,300 kwa kilo ambayo Serikali ilitangaza Novemba 2018. Gawa. Ni kilo 110 na ushee. Simu yako inakula kilo 110 za korosho kwa mwaka, na ukiulizwa utasema hujanunua kitu, umeweka vocha tu. Mama mmoja wa Kitangari nilimwomba aandike kwenye daftari la mtoto kila anapojiunga. Baada ya mwezi alikuja akakaa, hakusema neno, akanipa daftari nisome. Sasa ananunua cha wiki, na siku za shamba haungi kitu kabisa.

Kukopa salio, hili nalitamka polepole. Ukikopa vocha, wanakata ada palepale au wanaikata ukiweka nyingine. Mtu wa kukopa salio kila siku yuko kwenye mkataba bila kujua, tena mkataba mbaya kuliko wa yule tajiri wa lori, maana yule halipi ada kila anapopiga simu. Wengi wanaokuja kwangu na vocha ya 1,000 hawaoni hata shilingi yake, inamezwa na deni la jana. Nimewaona mpaka nimeacha kuuza kwa furaha.

Kwa mwenye mikorosho mimi nasema hivi. Hela ya mnada ikiingia, kabla ya bati, kabla ya ngoma ya watoto, kaa chini utenge hela ya simu ya mwaka mzima. Usiiache kwenye simu yenyewe, ina miguu. Iweke kwenye kikoba chenu au akaunti nyingine. Kila mwanzo wa mwezi toa ya mwezi huo, nunua kifurushi cha mwezi kama unakihitaji kweli, au cha dakika tupu kama intaneti huitumii. Uliza kama mtandao wako una kifurushi kisicho na ukomo wa muda. Kwa mtu anayepiga simu tano kwa wiki ndicho kinachomfaa, hata kama MB zake zinaonekana chache. Na simu ukitaka mpya, inunue Desemba, taslimu, uondoke na risiti na waranti. Kama hela haitoshi, nunua ndogo. Kiswaswadu kinapokea ujumbe wa benki sawasawa na kile kioo kikubwa.

Viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao, ninyi ni jambo jingine. Chama kina katibu anayepiga simu ghalani, benki na kwa wanunuzi msimu mzima, na leo anatumia vocha ya mfukoni mwake halafu anadai kwenye kikao mnagombana. Hapo laini ya malipo ya baada yenye kikomo, kwa jina la chama, bili isomwe mbele ya wanachama. Nilitaka kulieleza hili kwa kirefu, naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Haraka haraka basi. Usisaini mkataba kwa NIDA yako kwa niaba ya mpwa au shemeji. Deni litakutafuta wewe. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, na usiyoitambua nenda kaifute. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ile ile, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba utapoteza namba. Ila kama una deni, lipa kwanza. Watumishi wa mshahara mliopo, mkataba unawafaa mkiwa mnatumia kingi na kwa kiasi kile kile kila mwezi. Chukueni matumizi ya miezi mitatu mlinganishe, msikadirie kichwani.

Walioniambia jana kwamba wana karatasi za mkopo wa simu nyumbani, natumaini mmekuja nazo. Njooni hapa mbele, mje na kalamu. Tutaanza na ile sehemu ya maandishi madogo ya nyuma, na tutazidisha hizo 1,500 pamoja mpaka ya mwisho.