Bata wa kuoka kwa mara ya kwanza: kwanza yatoke mafuta

Karibu jikoni. Huyu hapa mezani ni bata mzima, kilo 2.2, na kesho atatoka kwenye oveni akiwa na ngozi inayovunjika kwa mlio ukiigusa kwa kisu. Ndiyo, nimesema kesho. Kazi ya bata huanza siku moja kabla, na kama una wageni leo jioni, ni afadhali uwapikie kitu kingine.

Mara yangu ya kwanza nilimwoka bata kama ninavyooka kuku: nyuzi joto 200, saa moja na nusu, basi. Jiko likajaa moshi. Ngozi ilibabuka juu, lakini nilipoikata nikakuta chini yake tabaka jeupe la mafuta lililobaki vilevile, na nyama ya paja ilivutana kama mpira. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimewaita watu wa kula. Baadaye ndipo nilipoelewa. Bata ni ndege wa majini, na chini ya ngozi yake amevaa koti zima la mafuta linalomkinga na baridi ya maji. Kuku hana koti hilo. Kwa hiyo kila hatua utakayoiona leo inajibu swali moja tu: mafuta haya yatatokaje kabla ngozi haijaungua?

Tuanze na kumchagua. Chukua bata wa kilo 2 hadi 2.5. Huyu anatosha watu watatu au wanne, si zaidi, maana bata ana mifupa mikubwa na nyama kidogo kuliko kuku wa uzito huohuo. Hakikisha ni kijana. Bonyeza ncha ya mfupa wa kidari, hapa chini. Ikipinda kwa urahisi, bado ni gegedu, na huyo anafaa kuokwa. Ikiwa ngumu kama mfupa mwingine wowote, bata amezeeka, na bata mzee anataka sufuria ya mchuzi na subira, wala usimsumbue kwa oveni. Ujue pia aina yako. Bata Pekin, wale weupe, wana mafuta mengi sana na ndio rahisi zaidi kwa anayeanza. Bata Maskovi, wenye vinyama vyekundu usoni, wana mafuta machache, kwa hiyo saa za kuoka hupungua na lazima uwaangalie mapema.

Kama umemtoa kwenye friza, mwache ayeyuke ndani ya friji, siyo juu ya meza. Bata wa ukubwa huu anataka siku nzima, mara nyingine na nusu ya ile inayofuata. Mweke kwenye bakuli ili maji yake yasidondokee vyakula vingine.

Sasa ingiza mkono tumboni. Mara nyingi utakuta kifuko chenye shingo, firigisi, maini na moyo. Kitoe, usikitupe, mifupa na firigisi tutavihitaji mwishoni. Halafu tazama hapa, kwenye mdomo wa tumbo: mapande mawili ya mafuta, moja kila upande. Yavute kwa vidole, yanatoka yenyewe. Yaweke kando kwenye kibakuli. Ile ngozi ndefu ya shingoni nayo ikate, ubakize ya kufunika tu. Kisha geuza bata, uangalie juu ya mkia. Kuna tezi mbili ndogo za rangi ya njano, ndizo anazotumia bata kupaka manyoya yake mafuta yasilowe. Zina harufu kali. Zikate pamoja na kipande kidogo cha nyama kilichozizunguka. Kama kuna mizizi ya manyoya imebaki kwenye ngozi, ing'oe kwa kibano cha nyusi kilicho safi. Inachukua dakika kumi na inafaa kila dakika.

Simwoshi bata bombani. Maji yanayoruka kutoka kwenye nyama mbichi ya ndege hubeba vijidudu hadi kwenye vyombo na meza, na moto wa oveni utawaua wote bila msaada wa bomba. Mfute tu kwa karatasi ya jikoni, nje na ndani.

Hatua inayofuata ndiyo naomba uitazame kwa makini, rudia video hata mara tatu ukitaka. Tunamtoboa ngozi. Nina sindano nene. Kijiti cha mishikaki chenye ncha kali kinafaa pia. Usisimamishe sindano wima. Ilaze, karibu sambamba na mwili wa bata, halafu uisukume ipenye ngozi na kuishia kwenye mafuta. Ona, hivi. Tunataka tundu kwenye ngozi na mafuta, lakini nyama isiguswe. Nyama ikitobolewa, maji yake yatatoka na kulowesha ngozi kutoka chini, na nyama yenyewe itakauka. Toboa kila baada ya sentimita moja hivi, kidarini kote, na zaidi pale mafuta yalipo mazito: chini ya mbawa, ubavuni, na mahali paja linapoungana na mwili. Kidarini unaweza kuchanja chale badala ya kutoboa, mistari ya mshazari, lakini kwa kisu chenye makali sana na mkono mwepesi. Mimi kwa mara ya kwanza nakushauri sindano. Kisu kikiteleza hakirudi.

Sasa maji ya moto. Weka bata juu ya wavu wa chuma, wavu juu ya trei yenye kina, na ummiminie maji yaliyochemka polepole, lita moja na nusu hivi, nusu upande huu, nusu upande wa pili. Utaiona ngozi ikijikunja na kukaza hapohapo. Imekaza, matundu yamefunguka, na mafuta ya juu kabisa yameanza kulegea. Mimina polepole yasikurukie. Maji ya kwenye trei mwaga, osha trei kwa sabuni, na umkaushe bata kwa karatasi ya jikoni mpaka karatasi itoke kavu.

Chumvi: vijiko 3 vya chai vya chumvi laini kwa bata huyu. Kimoja ndani ya tumbo, viwili nje, umsugue kila mahali. Ongeza pilipili manga ukipenda. Basi. Usimpake mafuta, anayo ya kumtosha na kubaki. Usimpake limau wala kiungo chochote cha majimaji, kwa sababu tangu sasa adui yetu ni unyevu.

Mweke friji, juu ya wavu wake, bila kumfunika, mpaka kesho. Najua mkono utataka kumfunika. Mwache wazi, ila mweke rafu ya chini kabisa asiguse chakula kingine. Hewa baridi ya friji itaikausha ngozi, na chumvi itaingia nyamani. Ngozi yenye maji, kwanza huchemka, ndipo iokwe. Ngozi kavu huanza kuokwa tangu dakika ya kwanza.

Haya, imeshafika siku ya pili. Gusa ngozi: imekuwa kama karatasi, kavu, na rangi yake imekolea kidogo. Mtoe friji nusu saa kabla ya kuoka, na uwashe oveni nyuzi joto 150. Ndiyo, 150. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo nilipokosea mimi. Moto mkali mwanzoni huikausha ngozi juu kabla mafuta hayajayeyuka, na mafuta yanabaki yamefungiwa chini. Moto mdogo unayayeyusha taratibu, yanatoka kwenye yale matundu tuliyotoboa, na njiani yanaikaanga ngozi kwa ndani. Paja nalo linahitaji muda huohuo. Lina misuli inayofanya kazi sana na nyuzinyuzi nyingi za kushikilia, nazo hulainika kwa saa, kwa moto wa wastani.

Tumboni weka nusu ya chungwa, kitunguu kimoja kilichokatwa mara nne, punje chache za kitunguu saumu na vipande vya tangawizi. Usijaze mpaka kushindilia, hewa ya moto ipite. Hivi ni vya harufu tu, havitaliwa. Wali au mkate wa kujazia tumboni usiweke kwenye bata: utanyonya mafuta yote, na katikati utachelewa sana kupata joto la kuua vijidudu. Funga miguu kwa uzi, na ncha za mbawa zifunike kwa kipande cha foili zisiungue.

Trei iwe na kina cha angalau sentimita 4, wavu juu yake, bata juu ya wavu, kidari juu. Mimina glasi moja ya maji kwenye trei. Matone ya kwanza ya mafuta yakiangukia chuma kikavu cha moto yanatoa moshi; yakiangukia maji yanatulia. Ingiza katikati ya oveni.

Saa moja. Usifungue fungue.

Baada ya saa moja, vuta trei yote nje na uiweke mahali imara, usifanye kazi hii ukiwa umeinamia mlango wa oveni. Toboa tena yale maeneo mazito, sindano ileile, ulazo uleule. Majimaji yakitoka meupe kama maji, ni mafuta, uko sawa. Yakitoka na wekundu, umefika nyamani, punguza kina. Geuza bata kidari chini kwa koleo mbili, au koleo moja na mwiko ulioingizwa tumboni. Tazama trei sasa: mafuta yameshajaa. Yachote au yamimine kwa uangalifu kwenye bakuli la chuma, ubakize kidogo, na umrudishe bata saa nyingine.

Saa ya pili ikiisha, fanya vilevile: toboa, punguza mafuta, geuza kidari juu, rudisha kwa saa ya tatu. Ukimaliza saa tatu, bata atakuwa amepungua umbo, ngozi imekolea dhahabu iliyopauka, na haijawa ngumu bado. Usiwe na wasiwasi, hatujamaliza.

Chukua kipimajoto cha nyama, kichome kwenye paja sehemu nene bila kugusa mfupa. Kwa usalama lazima kisome angalau nyuzi 74. Baada ya saa tatu mara nyingi kinasoma 85 au zaidi, na kwa paja la bata hiyo ndiyo raha yenyewe, linaachia mfupa. Usihukumu kwa rangi. Nyama ya bata ni nyekundu hata kidarini, kwa kuwa misuli yake ina mayoglobini nyingi, protini inayotunza oksijeni, na inaweza kubaki na wekundu kidogo hata ikiwa imeiva kabisa. Kipimajoto ndicho cha kuamini.

Sasa usikilize vizuri. Kabla ya kupandisha moto, mwaga mafuta yote ya kwenye trei. Yote. Moto mkali na trei iliyojaa mafuta ndivyo vinavyojaza nyumba moshi, na vinaweza kuwaka. Ikitokea mafuta yamewaka ndani ya oveni, zima oveni na uache mlango umefungwa mpaka moto ufe wenyewe. Maji usiyaguse, maji juu ya mafuta yanayowaka hurusha moto usoni.

Trei ikiwa tupu, pandisha oveni hadi nyuzi 220, umrudishe bata kidari juu, dakika 15. Kaa karibu. Utasikia ngozi ikianza kutatarika, na rangi inabadilika haraka kutoka dhahabu kwenda kahawia. Wapo wanaopaka asali iliyochanganywa na maji ya chungwa. Inapendeza, ila ipake dakika 5 za mwisho tu, sukari yake huungua upesi. Kwa bata wako wa kwanza ningeiacha, uone kwanza ngozi tupu inavyotakiwa kuwa.

Mtoe. Muweke juu ya ubao dakika 15, bila kumfunika kwa foili, mvuke utailowesha ngozi uliyoihangaikia siku mbili.

Kukata kuna jambo moja la kujua: kiungo cha paja la bata kimejificha karibu na uti wa mgongo, nyuma zaidi kuliko cha kuku. Vuta paja nje, kata ngozi, bana chini ukitafuta kiungo kwa ncha ya kisu, kitaachia. Kidari pitisha kisu kando ya mfupa wa katikati, ufuate mbavu mpaka pande zima litoke, kisha likate vipande vya kukingama, kila kipande kiwe na ngozi yake.

Na yale mafuta? Chuja yote kwa kitambaa safi, pamoja na yale mapande ya tumboni uliyoyeyusha kwa moto mdogo sana. Utapata kati ya kikombe kimoja na viwili. Acha yatulie kwenye friji: juu yataganda meupe, chini utakuta utomvu wa kahawia kama jeli. Tenganisha, kwa sababu ule wa chini huharibika mapema. Jeli itie kwenye mchuzi. Mafuta yatie kwenye chupa kavu, friji, yatakaa miezi kadhaa. Viazi vilivyochemshwa nusu, vikatikiswa kwenye sufuria mpaka kingo zichubuke, kisha vikaokwa kwa mafuta haya nyuzi 200, sijui viazi vingine vinavyovifikia.

Mifupa, shingo na firigisi viko hapa, nimeshavitia kwenye sufuria na maji ya kuvifunika, kitunguu na karoti. Moto mdogo, saa mbili. Supu itakuwa tayari kabla hujamaliza kuosha trei.