Weusi wa Rimu: Unakotoka na Unakoishia

Mhadhara kwa madereva, mafundi na waosha magari, Nyakato, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Nawaona madereva wa Haisi, mafundi wenzangu, vijana wa kuosha magari, na wazazi wetu wenye magari yao ya nyumbani. Karibuni sana. Nimeombwa nizungumzie vumbi jeusi linalong'ang'ania rimu, hasa za mbele, lile ambalo ukiliosha Jumamosi, Jumatano limesharudi. Najua wengi mmekuja kutafuta dawa ya kuliondoa, na nitafika huko. Lakini nataka kwanza tulipunguze lisizaliwe, kwa sababu hapa kwetu kila linalooshwa linateremka kwenda Ziwa Victoria, na maji ya Ziwa ndiyo tunayokunywa.

Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, na kalipa inabana breki pedi mbili kwenye diski inayozunguka. Mwendo wa gari unageuka joto. Breki pedi haiwezi kufanya kazi hiyo bila kulika, kama kifutio cha penseli. Diski nayo inalika, maana ni chuma cha kusubu. Kwa hiyo vumbi mnaloliona lina chuma kingi, na ndani yake mna gundi iliyoungua, kaboni, na katika pedi nyingi, shaba. Linaruka likiwa la moto, linanata kwenye rimu, kisha likipata unyevu linashika kutu papo hapo. Vile vidoa vya rangi ya chungwa vinavyokataa sabuni kwenye rimu za aloi ndiyo hivyo.

Mbona za mbele zaidi? Gari likifunga breki uzito unahamia mbele, na breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Tena magari yetu mengi, IST, Vitz, Probox, nyuma yana dramu, yaani breki zilizofunikwa ndani ya kikombe cha chuma badala ya diski iliyo wazi, na vumbi la dramu linabaki humo ndani. Nitalirudia baadaye, kwa ajili ya mafundi.

Sasa naomba tutulie hapa kidogo. Kabla hujaosha rimu, zitazame. Zunguka gari lako taratibu. Rimu mbili za mbele zinatakiwa zifanane weusi. Ukikuta moja ni nyeusi sana na mwenzake ina vumbi la kawaida, hapo huna tatizo la uchafu, una tatizo la breki. Mara nyingi pini za kalipa zimekauka au pistoni imeshika kutu, hivyo ukiachia pedali pedi hairudi nyuma, inaendelea kusugua diski safari nzima. Gari linavuta upande mmoja, mafuta yanakwenda haraka, na ukisimama unasikia harufu ya kuungua. Sogeza kiganja karibu na rimu, usiguse, utahisi joto lililopita la upande wa pili. Na kuna kisa cha kinyume ambacho watu hukifurahia kwa makosa: rimu moja ya mbele safi kabisa wakati nyingine ni nyeusi. Huenda upande ule msafi haufungi breki. Gari la namna hiyo sitaki literemke kilima cha Bugando likiwa na abiria.

Dawa yake kwa kawaida si ghali. Fundi afungue kalipa, atoe pini, azisafishe, azipake grisi ya breki isiyoharibu mpira, akague mipira ya kuzuia vumbi, na arudishe. Grisi ya kawaida ya bearingi isitumike, inavimbisha mpira na pini inakwama upya. Na uso wa pedi usiguswe na grisi yoyote. Nimeshaona diski ngapi zimetupwa bure kwa sababu ya kazi ya nusu saa iliyoahirishwa!

Dada pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza: gari lake lilifika kutoka Japani na rimu zikakaa safi muda mrefu, kisha baada ya kubadilisha pedi weusi ukaanza. Amepigwa? Si lazima. Magari ya Japani kwa kawaida hutoka kiwandani na pedi zisizo na chuma kingi, zenye nyuzi laini, kimya na zenye vumbi kidogo. Duka likikupa pedi yenye chuma kingi inafunga vizuri na inavumilia joto, ila inakula diski na vumbi linaongezeka. Pedi za seramiki zina vumbi kidogo zaidi, na vumbi lake limepauka, haligandi sana. Kwa gari la kawaida la mjini mimi ningeshauri hizo, kama bei inaruhusu. Kwa Haisi inayobeba watu kutwa nzima kwenye miteremko, chagua kwanza pedi inayostahimili joto na uzito, vumbi lije baadaye. Sitamwambia mtu apunguze breki ili rimu ing'are.

Mnunuapo, geuzeni pedi mtazame ubavu wake. Pedi nyingi zina maandishi yenye herufi mbili za mshiko, kama FF au GG. Ya kwanza ni mshiko wa breki zikiwa na joto la kawaida, ya pili ni zikiwa za moto. G inashika zaidi ya F, na F zaidi ya E. Baadhi zina pia herufi A, B au N pamoja na tarakimu mbili za mwaka. N maana yake shaba haifiki asilimia 0.5. Alama hiyo ilikuja baada ya majimbo ya Washington na California, Marekani, kupitisha sheria mwaka 2010 za kupunguza shaba kwenye pedi, kwa kuwa shaba ikiyeyuka majini hudhuru samaki hata ikiwa kidogo. Hawa ni watu waliojali mito yao. Sisi tuna Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na Mto Mirongo unapita katikati ya mji wetu ukimwaga humo kila kinachotiririka barabarani. Tuna sababu kubwa kuliko wao ya kuiulizia N dukani.

Kuhusu uendeshaji nitasema machache. Acha nafasi mbele yako, ondoa mguu kwenye mafuta mapema, na kwenye mteremko shusha gia, au kwa otomatiki weka 2, L au B kadiri gari lako lilivyoandikwa, injini ikusaidie. Breki zikichemka sana hutoa chembe ndogo zaidi, zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu.

Mafundi, hapa nasema nanyi kwa uchungu. Mkifungua dramu, msipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi na breki shuu (zile zinazobana ndani ya dramu) za zamani, na nyingine za bei rahisi, zinaweza kuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake miaka mingi baada ya kuivuta. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kiingie kwenye mfuko na kufungwa. Watoto wasikae karibu.

Kuosha sasa. Subiri rimu zipoe; maji baridi kwenye diski ya moto yanaweza kuipinda au kuipasua. Mwaga maji kwanza, ndipo sabuni ya gari na brashi laini, kwa ndoo yake peke yake, maana chembe za chuma zikiingia kwenye ndoo ya bodi zitakwaruza rangi. Asidi ya betri hapana, stili wulu hapana. Wapo wanaopaka dizeli tairi zing'ae. Ikirukia diski umemuondolea mteja breki. Rimu zikikauka paka nta inayostahimili joto, vumbi litakuwa linatoka kwa maji matupu. Vile visahani vya kuziba nyuma ya rimu sivipendi, vinazuia hewa inayopoza breki.

Kijana amenyoosha mkono, anauliza maji yaende wapi. Swali zuri sana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa na kingo za mto, kwa hiyo kwanza tusogee. Kisha chimbeni mtaro unaoishia kwenye shimo lenye kokoto na mchanga, maji yazame taratibu, chuma na masizi vibaki juu ya mchanga. Tabaka la juu likishakuwa jeusi, likwangueni likiwa na unyevu, litiwe kwenye kiroba na kwenda dampo, wala lisirudi mtaroni mvua ikinyesha. Mkishirikiana vijana watano au sita wa eneo moja, shimo moja linawatosha, na nipo tayari kuja kulipima nanyi.