Kuchavusha Mihogo kwa Mkono: Kutafuta Mmea Unaohimili Batobato na Michirizi Kahawia

Karibu mtazamaji. Leo tunazalisha mhogo mpya, kuanzia kwenye ua hadi kisu kinapopita kwenye mzizi. Tunayemkimbia ni batobato na michirizi kahawia. Yote mawili ni magonjwa ya virusi, yanabebwa na inzi weupe, na yanasafiri mbali zaidi kwenye vipando tunavyopeana wenyewe. Dawa ya kuuponya mhogo uliokwisha kuugua hakuna, kwa hiyo kinga lazima iwe ndani ya mmea.

Kazi hii ina mizizi hapa hapa. Kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kilianza miaka ya 1930 kuchanganya mhogo na ndugu yake, mpira wa Manihot glaziovii. Aina ya Namikonga, inayohimili michirizi kahawia, inahusishwa na uzao huo. Leo Namikonga ni mama, na baba ni Albert, mhogo wa kusini mwa Tanzania ambao michirizi kahawia huuozesha mizizi.

Panda wazazi kwa nafasi ya mita 2 kwa 2 ili upite bila kuvunja matawi. Mhogo hutoa maua pale shina linapogawanyika. Usiogawanyika haukupi ua, hata uusubiri vipi. Kama mmoja huchelewa, upande kwanza, au panda kila mzazi kwa awamu mbili tatu, wiki chache zikipishana.

Tazama kishada hiki kwa karibu. Chini, karibu na shina, kuna maua jike, machache na makubwa. Juu ni madume, mengi na madogo. Majike hufunguka kwanza, na madume ya kishada hicho hicho hufuata wiki moja au mbili baadaye. Ndiyo sababu chavua tunaitoa kwenye mmea mwingine.

Asubuhi chungulia chipukizi la ua jike. Likiwa limevimba na ndani kuna tone la utamu, litafunguka leo. Livishe mfuko wa kitambaa chepesi kabla ya saa tano. Nyuki akikutangulia, humjui baba tena, na uchavushaji wako umeharibika hata kama tunda litashika. Chuma pia madume yanayotaka kufunguka, uyaweke kwenye chupa yenye jina la aina. Chupa moja, aina moja.

Kati ya saa sita na saa nane mchana vua mfuko. Shika ua dume, gusisha chavua yake ya njano taratibu juu ya ncha ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Usisugue kwa nguvu, ncha hiyo huchubuka upesi. Kisha ondoa kwenye kishada hicho maua mengine yote ambayo hayajachavushwa, funga lebo yenye mama, baba na tarehe. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu huoshwa na mvua.

Tunda likishaanza kukua, lifunge kwenye mfuko wa wavu. Huiva kwa miezi 3 hivi, na likikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu. Kila tunda lina nafasi ya mbegu 3, lakini jiandae kupata pungufu.

Hifadhi mbegu pakavu kwa miezi 2, kwani mbichi huwa zimelala. Zitie majini: zinazoelea tupa. Zinazozama panda moja moja kwenye viriba, kina cha sentimita 1 hadi 2, mahali penye joto la kama nyuzi 30. Wengi hufeli hapa kwa kuweka viriba kwenye kivuli kizito. Udongo ukiwa baridi mbegu hukaa tu hadi zioze. Miche ikifika sentimita 20 hadi 25, hamishia shambani mita 1 kwa 1.

Kila mche sasa ni mhogo wa peke yake, hata kwa ndugu wa tunda moja. Usiwapulizie dawa ya inzi weupe! Kinyume chake, panda kati yao mistari ya mihogo yenye ugonjwa, ili wote waambukizwe na walio dhaifu wajulikane. Lakini fanya hivyo sehemu ambayo ugonjwa umeshajaa, usiupeleke kijiji ambacho haujafika.

Kagua majani mwezi wa 3 na wa 6. Batobato inajianika: jani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi kahawia ni mjanja. Mmea huweza kusimama kijani, unene mzuri, kumbe mzizi ndani una uozo mkavu wa kahawia. Kwa hiyo kwenye mwezi wa 12 kata kila mzizi mara 5 kwa upana, ukipe kila kipande alama, 1 kwa mweupe kabisa na 5 kwa uliooza. Mzizi mmoja mzuri usikuridhishe. Hapa ndipo aina nyingi nzuri kwa macho huangukia, na ni heri zianguke mikononi mwako kuliko kwenye shamba la jirani.

Mashina ya wale waliobaki kata vipando vya sentimita 20 hadi 25, panda 6 hadi 8 kwa kila mmoja, urudie ukaguzi msimu ujao, kisha maeneo mengine. Miaka 8 hadi 10 ni kawaida. Usigawe vipando kama aina mpya kabla haijapimwa na kusajiliwa kwa utaratibu wa TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu Tanzania.