Ncha Hujulikana kwa Kusukuma: Mhadhara kwa Walimu wa Sayansi

Walimu wenzangu, asanteni kwa kuja.

Kipindi cha kwanza cha sumaku mnakijua. Mwalimu anaisogeza sumaku kwenye misumari, misumari inarukia na kunata, darasa linashangilia. Kisha ubaoni inaandikwa: ncha zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Wanafunzi wananakili, na mada imefungwa kabla haijafunguliwa. Nimekuja kuwaomba tubadili mpangilio huo. Kuvuta ndiyo tabia ya sumaku inayoonekana upesi kuliko zote, lakini ndiyo inayotufundisha kidogo kuliko zote. Anayetaka mwanafunzi azielewe ncha ampeleke kwenye kusukumana, na amwache huko kwa muda mrefu.

Sababu ni hii. Msumari wa kawaida ukikaribia ncha yoyote ya sumaku, wenyewe hugeuka sumaku kwa muda. Sehemu iliyo karibu na sumaku inapata ncha iliyo kinyume na ile inayoikabili, na sehemu ya mbali inapata ncha inayofanana nayo. Geuza sumaku uilete kwa upande wa pili, na ncha za msumari nazo zinabadilishana. Kwa hiyo msumari utavutwa tu, ukianza na ncha hii au ile. Vitu viwili vikivutana, hujajua kama vyote ni sumaku au ni kimoja tu. Vikisukumana umejua: vyote viwili ni sumaku, na ncha zinazotazamana zinafanana. Chuma kisicho sumaku hakisukumwi hata siku moja.

Jambo hili linaonekana kwa macho, na vifaa vyake ni vidogo sana. Funga sindano mbili kwa nyuzi zenye urefu sawa, uzining'inize zikiwa bega kwa bega, kisha lete ncha ya sumaku kwa juu, karibu na matundu yao lakini bila kugusa. Kabla hujafanya hivyo, waulize wanafunzi: zitakaribiana au zitaachana? Wengi watasema zitakaribiana, maana wamezoea kwamba sumaku kazi yake ni kukusanya. Wape dakika ya kuandika jibu na sababu. Kisha isogeze sumaku. Sindano zinaachana, chini zinatanuka kama miguu ya bikari. Matundu yote mawili yamepata ncha ya aina moja, na makali yote mawili yamepata ya aina nyingine, basi kila upande unamsukuma mwenzake. Kaeni hapo. Msikimbilie ubaoni. Mwanafunzi aliyeliona hili na kulieleza kwa maneno yake ameshaingia ndani ya mada.

Sasa rangi. Sumaku nyingi za shule zimepakwa nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Ninawaomba mzifunge kwa karatasi kwa vipindi vya mwanzo. Rangi ikionekana, mwanafunzi hujifunza kanuni ya rangi: nyekundu na nyekundu hazipatani. Ukimpa sumaku ya duara ya spika, isiyo na rangi na yenye ncha zake kwenye nyuso mbili bapa badala ya pembeni, hajui aanzie wapi. Sumaku iliyofungwa karatasi inamlazimisha apime. Achukue sumaku tatu, azipe ncha zote alama za kwake mwenyewe, nyota au msalaba, kwa kufuata kinachosukuma na kinachovuta. Atagundua kwamba alama mbili zinatosha. Hajawahi kutokea ncha ya aina ya tatu, na hilo si jambo dogo la kugunduliwa na mtoto kwa mikono yake.

Baada ya hapo ndipo tuzipe majina. Ning'iniza sumaku kwa uzi katikati ya chumba, mbali na meza zenye miguu ya chuma na mbali na simu. Subiri itulie. Upande mmoja utaelekea kaskazini, na huo ndio tunaouita ncha ya kaskazini, yaani ncha inayoitafuta kaskazini. Ukiliacha jambo hili bila kulifafanua, swali litakuja tu: kama ncha zinazofanana husukumana, kwa nini kaskazini ya dira inavutwa na kaskazini ya dunia? Mwanafunzi anayeuliza hivyo asinyamazishwe. Jibu ni kwamba ile ncha ya sumaku ya dunia iliyoko upande wa kaskazini, kwa tabia yake, ni ncha ya kusini. Tumeibatiza kwa mahali ilipo.

Tena haipo pale wanapodhani. Mwaka 1831 mpelelezi Mwingereza James Clark Ross aliifikia katika visiwa na rasi za Aktiki ya Kanada, mbali na ncha ya kijiografia. Tangu hapo imehama kuelekea upande wa Siberia, na mwanzoni mwa karne hii ilikuwa ikienda kwa mwendo wa kama kilomita 50 kwa mwaka. Chanzo chake ni chuma na nikeli iliyoyeyuka inayozunguka katika kiini cha nje cha dunia, karibu kilomita 2,900 chini ya miguu yetu. Ncha hizo zimewahi hata kubadilishana nafasi. Mara ya mwisho kwa ukamilifu ilikuwa yapata miaka 780,000 iliyopita.

Kuhusu kugawanya ncha. Petrus Peregrinus, Mfaransa, aliandika barua mwaka 1269 akieleza namna ya kutafuta ncha kwenye jiwe la sumaku lililochongwa kuwa tufe: unaweka sindano juu yake, unachora mstari kwa kufuata ilivyolala, unahamisha, unachora tena, na mistari yote inakutana katika sehemu mbili. Alieleza pia kwamba jiwe likikatwa, kila kipande kinakuwa na ncha zake mbili. Zaidi ya miaka 750 imepita na hakuna aliyewahi kushika ncha moja peke yake. Mwanafizikia Paul Dirac alionyesha mwaka 1931 kwamba nadharia haikatazi kuwepo kwa chembe yenye ncha moja, na wanafizikia bado wanaitafuta. Waambieni wanafunzi hilo. Ni vizuri wajue kwamba swali la darasani kwao limefika hadi kwenye maabara kubwa na bado liko wazi.

Jaribio la kugawanya ncha linafanyika kwa ubapa wa msumeno wa kukatia chuma. Usugueni kwa ncha moja ya sumaku, kwa mwelekeo mmoja tu, mkiinua sumaku kila mfikapo mwisho. Mahali sumaku inapoachia ubapa patapata ncha iliyo kinyume na ile iliyosugua. Kisha mwalimu, akiwa na miwani ya kinga na ubapa umefungwa kitambaa, auvunje kwa koleo. Vipande vipimwe kwa dira. Palipovunjika, ambapo mwanzoni hapakuvuta chochote cha maana, pamezaliwa ncha mbili mpya.

Zimetoka wapi? Ndani ya chuma mna maeneo madogo sana yanayoitwa vikoa, na kila kikoa ni sumaku kamili. Katika chuma cha kawaida vinaelekea huku na huko na kufutana nguvu, kusugua kunavipanga. Mfano mzuri wa kuonyesha ni chupa nyembamba ya kioo iliyojazwa unga wa feleji. Isugueni kwa sumaku, isogezeni kwenye dira, sindano ya dira itasogea. Itikiseni vizuri, ipimeni tena: uwezo umepotea, ingawa hakuna hata punje iliyotoka. Kwa sababu hiyohiyo sumaku hudhoofika ikipigwa nyundo au ikipashwa moto, na chuma kikifika kama nyuzijoto 770 za Selsiasi hupoteza usumaku wake wa kudumu kabisa.

Mwenzetu hapa mbele ameuliza kuhusu mistari inayojichora unga wa chuma ukinyunyizwa kwenye karatasi iliyo juu ya sumaku. Itumieni, inapendeza, lakini baada ya dira ndogo. Unga ukitangulia, mtoto anaamini kwamba uga wa sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu yake, ni nyuzi zilizotandazwa zenye nafasi tupu kati yake. Ukimpa dira aizungushe kandokando ya sumaku, akiweka nukta mahali sindano inapoelekeza, ataona kwamba hakuna mahali dira inapokosa mwelekeo ati kwa kuwa iko kati ya mistari. Pia atajua mshale unaelekea wapi, unga haumwambii.

Imani kwamba metali zote huvutwa isahihishwe kwa kujaribu tu: shaba, alumini na dhahabu hazinati, chuma, nikeli na kobalti hunata.

La usalama sitalipitia haraka. Zile sumaku ndogo zenye nguvu nyingi, za neodimi, zisiingie kabisa kwenye darasa la watoto wadogo. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana zikiwa katika sehemu mbili tofauti za utumbo, zikaubana ukuta wake na kuutoboa. Hiyo ni dharura ya upasuaji, na dalili zake mwanzoni hufanana na maumivu ya kawaida ya tumbo. Ukishuku, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo akae mbali na sumaku hizo.

Mwisho, swali ninalopenda liwekwe kwenye mtihani badala ya kudai kanuni kwa kichwa. Kuna vipande vitatu, kila kimoja na herufi mbili za pande zake: A–B, C–D na E–F. A inavutana na C. A inavutana na D pia. A inasukumana na E. Vipande vipi ni sumaku, na B ikikutana na E kitatokea nini? A–B na E–F ni sumaku, kwa kuwa vimesukumana. C–D ni chuma tu, maana kimevutwa na ncha ileile kwa pande zake zote mbili. B na E zitavutana. Alama nyingi zaidi apewe aliyeandika sababu. Atakayesema vyote vitatu ni sumaku, mpeni vipande mikononi, aigeuze C–D mbele ya A mara nyingi apendavyo, kisha mwulizeni upya.